Wageni Waliomtaka Mke wa Mogire

Msimu wa besiboli ulipofungwa mwezi wa kumi na moja, wanawake wa Itumbe waliyarudisha magongo yao ya mkaratusi ghalani, wakazianika glavu juani, kisha wakarudi kuchuma chai. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri. Mtu akipita njia ya kiwandani asubuhi asingeona dalili yoyote ya mchezo, angeona vichwa tu vilivyofungwa vitambaa na vikapu migongoni, vikisogea polepole juu ya majani mabichi.

Lakini mchezo ukilala, maneno yake huamka. Nani anahama, nani anabaki, nani amezeeka, msichana gani wa kidato cha pili ana mkono wa kutupa mawe mpaka ng'ambo ya mto. Maneno hayo yalisemwa kwenye kituo cha kupima majani, yakasemwa kisimani, na Jumamosi baada ya ibada ya Sabato yakasemwa kwa sauti ya chini kidogo, kwa heshima ya siku.

Wajuao husema wanawake hucheza softboli, si besiboli. Itumbe hawajali. Mwalimu mmoja wa mazoezi ndiye aliyeuleta mchezo huo, akaupa jina hilo, akamaliza mafunzo yake akaenda zake, jina likabaki. Kina mama waliupokea upesi kwa sababu ulifanana na ile raunda waliyoicheza shule ya msingi. Mmoja anarusha, mmoja anapiga, aliyepiga anakimbia vituo vinne arudi alikoanzia. Na nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, ambaye kazi yake ni kuupokea kila mpira uliomponyoka mpigaji, hata ukija kama jiwe.

Mdakaji wa Itumbe alikuwa Nyamoita, mke wa Mogire.

Hakuwa mkubwa wa mwili, wala hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na mikono ya mchuma chai, yenye vidole vyeusi kwa utomvu, na magoti yasiyochoka. Glavu yake nene ilitoka kwenye rundo la mitumba pale soko la Daraja Mbili. Muuzaji alidhani ni kitu cha kushikia sufuria ya moto, akashangaa mbona kimetengenezwa kimoja tu. Nyamoita aliivaa palepale, akakunja vidole, akajua. Alikuwa amezaliwa Sironga, akaolewa Itumbe, na tangu mchezo ulipofika alikuwa amechuchumaa nyuma ya wapigaji wa vijiji vyote vinne vya ligi.

Kocha wa timu alikuwa Obwocha, karani wa kupima majani kituoni, mtu mrefu anayevaa koti hata jua likiwaka. Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Obwocha alikuwa mdogo wake marehemu baba yake Mogire, kwa hiyo kwa Nyamoita alikuwa baba mkwe. Wagusii wana adabu yao kati ya mkwe na mke wa mwana, wanaiita chinsoni. Wawili hao hawapeani mikono, hawaingii nyumba ya mwenzake, na jambo lolote la mwili halitajwi kati yao, hata kwa mbali. Uwanjani walikuwa wamepata njia yao. Obwocha alisimama kando akamwambia Beverlyne, mrushaji, ambaye ni dada yake Mogire, "Mwambie mke wa Mogire asogee nyuma kidogo." Beverlyne akamtazama wifi yake aliyekuwa hatua chache kutoka hapo, aliyekwisha kusikia na kusogea, akasema, "Amesogea." Wageni waliocheka waliambiwa wanyamaze. Mambo yalikwenda hivyo, mechi nyingine wakashinda, nyingine wakashindwa.

Kisha Nyamoita akashika mimba ya Bravin.

Uzazi haukuwa rahisi. Walimpasua, akalala hospitalini, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Msimu mzima hakucheza. Aliketi kwenye nyasi na mtoto kifuani, akamtazama Abigael, msichana wa jirani, akidaka mahali pake. Abigael alikuwa mwepesi na mwenye bidii, ila mpira ulipokaribia alifumba macho. Nyamoita aliliona hilo kutoka mbali, akatamani kusema, akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza.

Mtoto alipoota jino la kwanza, mwili wake ulikuwa umekwisha kurudi. Alijua siku yenyewe, kwa sababu aliinama kufunga kamba ya ndama akainuka bila kukumbuka kwamba aliwahi kupasuliwa. Jioni hiyo alimwambia Beverlyne wachukue mpira waende nyuma ya zizi. Tangu hapo, kila mtoto aliposinzia, wawili hao walikuwa huko. Beverlyne alirusha, Nyamoita alidaka. Mpira ukimpita uligonga mbao za zizi, na mama mkwe wake, Bitutu, akiuliza kutoka jikoni ni nini hicho, Beverlyne alijibu kwamba wanapigilia misumari. Bitutu alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, na mchezo wenyewe aliuita kukimbizana kwa watu wazima.

Kwa nini hakumwambia kocha? Angemwambiaje. Jambo la kidonda cha uzazi halitoki kinywani mwa mke wa mwana kwenda kwa baba mkwe. Alingoja aulizwe kwa njia ya Beverlyne, kama kawaida. Mwezi wa kumi na mbili ukapita bila swali, na Januari ikaingia.

Fununu ya kwanza aliisikia kituoni, akiwa kwenye foleni ya mizani. Nyanchera, anayesimama kituo cha pili uwanjani na ambaye hajawahi kukalia neno, alimwambia kwamba Obwocha anataka kuijenga timu upya kwa damu changa. Sironga wana wasichana wawili wa kidato cha tatu, mmoja anaitwa Valentine, anapiga mpira mpaka unapotea. Obwocha anawataka wote wawili. Na Sironga, alisema Nyanchera, hawatoi bure.

"Wanataka nini?" Nyamoita aliuliza.

"Dada, huoni? Wewe. Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi. Jani gumu karani analitoa, analitupa kando."

Wanawake walicheka. Nyamoita naye alicheka, akamwambia, "Basi nitupe kwako. Nasikia ng'ombe wako ana njaa." Wakacheka zaidi, naye akasogeza kikapu chake mbele. Obwocha aliyapima majani yake bila kuinua macho, kama alivyopaswa, na siku hiyo kutoinua macho kwake kulimkaa Nyamoita moyoni kama mwiba mdogo. Hakujua kama ni adabu tu au ni jambo jingine.

Mogire aliithibitisha jioni. Yeye hubeba maziwa kwa pikipiki, na siku hiyo alikuwa amefika Sironga. Huko, alisema, hawaongei kingine. Mama wa pale anayeongoza timu yao, Nyakerario, anasema wazi kwamba ana wasichana wengi wenye nguvu lakini hana mtu wa kuwatuliza, na kwamba anamtaka mdakaji mkubwa hata ikibidi atoe wawili.

"Kwa hiyo ni kweli," Nyamoita alisema.

Mogire alisema labda ni heshima, mtu mmoja kubadilishwa kwa wawili. Nyamoita alimtazama mtoto aliyekuwa akivuta mkia wa paka, akamwacha avute.

Aliyapima mambo hayo siku kadhaa, akichuma. Sironga si mbali kwa mtu asiye na mtoto. Kwa mtu anayenyonyesha, mwenye ng'ombe wa kukama na majani ya kufikisha kituoni, ni mbali. Angeenda mazoezi mara moja, mara mbili, mara ya tatu angeacha, na kuacha huko kungekuwa ndio mwisho wa mchezo kwake. Na kulikuwa na jingine, ambalo hakulisema hata kwa Mogire. Sironga ni kwao. Mwanamke aliyeolewa akionekana anarudishwa kwao, hata kwa ajili ya mpira, watu hawakosi la kusema. Alitaka kubaki pale pale, kwenye uwanja ulio chini ya chai ya mumewe, ambapo mtoto akilia humfikia kabla hajalia mara ya pili. Ni hilo tu alilolitaka, na hakuwa na wa kumwambia.

Wakati huo huo, maneno mengine yalikuwa yakizaliwa kwa jirani.

Mama yake Abigael alifika alasiri moja kumwona Bitutu, akaketi karibu sana. Alisema kuna mzee na mwanamke, wamevaa vizuri, si watu wa hapa, wamepita kwake wakauliza habari za msichana wa nyumba hii. Waliuliza kama ana afya. Kama ni mvivu au anaamka mapema. Kama ana hasira. Kama nyumba yao ni ya watu watulivu, na kama mama mwenye nyumba ni mtu wa kuelewana naye.

"Ukawaambiaje hapo?" Bitutu aliuliza.

"Niliwaambia wewe ni malaika."

Bitutu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Tangu zamani za bibi yake, mtu anayepita kwa majirani akiuliza tabia na afya za msichana ni mtu mmoja tu. Ni mshenga, ambaye kwao huitwa esigani, na mahali alipouliza leo ndipo atakapopiga hodi kesho. Beverlyne alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka juzi. Wakati ulikuwa umefika. Bitutu alilala na furaha yake, akaamka nayo, na alipopata habari kupitia Obwocha kwamba kuna wageni watakaokuja Jumapili, akaona mambo yote yamepangika. Obwocha si ndiye ndugu wa marehemu? Bila yeye binti angepokelewa posa na nani?

Beverlyne aliapa kwamba hamjui mtu yeyote. Bitutu alimwambia hata yeye alipoposwa hakumjua mtu.

Ndipo Jumapili ikafika. Kuta zilikuwa zimepakwa udongo mpya, jogoo mwekundu alikuwa sufuriani, ugali wa wimbi ulikuwa umefunikwa vizuri, na mboga ya chinsaga ilikuwa imelala na maziwa tangu jana yake ili uchungu utoke. Beverlyne alivaa gauni la buluu na uso wa mtu anayengoja sindano. Nyamoita alipika, mtoto akiwa mgongoni. Yeye ndiye aliyewaona wageni wakiingia, kupitia mlango wa jikoni. Mbele alikuwa Obwocha na koti lake. Nyuma yake mzee mfupi, mwenye kofia mkononi, ambaye baadaye alijulikana kuwa Ongeri, mwenyekiti wa timu ya Sironga. Nyuma kabisa alikuwa Nyakerario.

Nyamoita aliiona sura hiyo, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Alimjua tangu utotoni. Nyakerario alikuwa amemtangulia madarasa machache shuleni, na ndiye aliyemfundisha kudaka, kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba za migomba. Kwa hiyo hawakuwa wamekuja kuposa mtu. Alijua hivyo, na hakuna pengine alipoweza kuketi ila pale pale kwenye kigoda cha jikoni, akasikiliza.

Wageni walikula kwanza, kwa kuwa hakuna neno zito linalosemwa kwa mtu mwenye njaa. Walipokwisha kunawa, Ongeri alishukuru kwa chakula, akasifu nyumba, akasema sasa watalisema lililowaleta. Katika boma hili, alisema, yuko mtu wanayemtaka sana.

Bitutu alijiweka sawa kitini. Alisema amesikia kwamba walipita wakiuliza, na hilo si kosa, mtu hanunui asichokijua. Lakini naye angependa kujua, huko anakotakiwa kuna nani.

"Wako wengi, mama," alisema Ongeri. "Ila ni wadogo wadogo, wana fujo. Tunataka mmoja mkubwa wa kuwatuliza."

"Wengi," alisema Bitutu.

"Na hatukuja mikono mitupu. Tukimchukua yeye, tutawaletea wasichana wawili."

Bitutu aliweka kikombe chini. Alimgeukia Obwocha, akamuuliza polepole, "Shemeji, watu hawa ni wa dini gani?"

Nyakerario ndiye aliyeelewa. Alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika, na alipopata sauti akasema, "Mama, tusamehe. Sisi ni watu wa mpira. Hatukuja kwa Beverlyne. Tumekuja kwa Nyamoita."

Beverlyne aliinuka, akapita jikoni bila kuomba ruhusa, akachukua paja la jogoo lililobaki, akaketi karibu na wifi yake, akala kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela.

"Nyamoita huyu wa Mogire?" Bitutu aliuliza.

"Huyo huyo."

"Huyo ana mume."

Nyakerario alieleza kwa upole. Alisema hawataki kumtoa kwa mumewe, ila Jumapili tu na siku za mazoezi. Waliuliza kama ana afya kwa sababu walisikia alipasuliwa. Waliuliza kuhusu mama wa nyumba kwa sababu mwanamke mwenye mtoto mchanga hawezi kutoka bila mama wa nyumba kukubali. Na walimwita msichana kwa sababu kwao ni msichana, hata akiwa na wajukuu.

"Tulimlea sisi," alisema. "Kudaka alijifunzia kwetu."

"Na sisi tukamtolea ng'ombe," alisema Bitutu. "Mliwapokea?"

"Walipokewa."

"Basi mnamtaka tena wa nini?"

Jikoni, Nyamoita aliinamisha kichwa juu ya magoti, akacheka bila sauti mpaka mtoto mgongoni akaanza kurukaruka. Hakuwahi kufikiri kwamba ng'ombe wale, ambao mama mkwe wake huwataja ugali ukiungua, wangekuja siku moja kusimama upande wake.

Lakini Obwocha alikuwa hajasema. Aliketi huku akiizungusha kofia ya Ongeri mikononi, aliyoichukua bila kujua. Ndipo akasema kwamba shemeji yake asiwalaumu wageni, yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mazungumzo. Timu inazeeka. Nyanchera ana maumivu ya bega. Wasichana wale wawili wana miaka mingi mbele yao. Na mdakaji, alisema, mdakaji yeye hajui hali yake.

"Hali gani?" Bitutu aliuliza.

Obwocha alitazama paa. "Hali. Ya mtu aliyelazwa."

"Hukuuliza?"

"Ningeulizaje, shemeji? Wewe unajua."

"Ungeniuliza mimi."

"Wewe husema mchezo huu ni wa wendawazimu. Niliogopa nikitaja jina lake utamkataza kabisa. Nikaona, badala ya kumchuchumaza mtu kwa nguvu akaumia, na kwa aibu asiweze kuniambia, heri aende kwao, huko watamuuliza wanawake wenzake."

Nyamoita alisikia hayo, na ule mwiba uliokuwa umemkaa tangu siku ya mizani ukatoka wenyewe. Hakuwa ametupwa. Alikuwa anaogopewa kuumizwa. Wote wawili walikuwa wamengojeana mwaka mzima, kila mmoja upande wake wa adabu, na katikati yao maneno ya watu yakajaa kama majani ndani ya mfereji.

"Mama Bravin," Bitutu aliita. "Njoo hapa."

Alikuja, akasimama karibu na mlango, uso wake kwa mama mkwe. Obwocha aligeukia dirisha. Bitutu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, kama mwili wake uko sawa kwa kazi ile ya kuchuchumaa.

"Mwambie baba mwili uko sawa," alisema Nyamoita. "Uko sawa tangu mtoto alipoota jino. Kila jioni nadaka mipira ya Beverlyne nyuma ya zizi."

"Kumbe ndiyo misumari hiyo," alisema Bitutu.

Beverlyne alikohoa jikoni.

"Na wewe unataka nini?" Bitutu aliendelea. "Sironga au hapa? Sema mbele yao, wasije wakasema nimekujibia."

Nyamoita alimtazama Nyakerario kwanza, kwa sababu alistahili. Alisema amefurahi kwamba kwao hawajamsahau, na kwamba asubuhi ile asingeamini mtu akimwambia atatakiwa na pande mbili. "Lakini nataka kudaka hapa," alisema. "Nikienda huko nitaacha kabla ya mvua. Hapa sitaacha mpaka magoti yakatae."

Nyakerario hakukata tamaa upesi. Alimgeukia Obwocha, akamkumbusha wale wawili. Afikiri vizuri, Valentine ana miaka kumi na saba, mdakaji huyu anakaribia thelathini. Obwocha alikuna kidevu. Ilionekana wazi kwamba moyo wake ulikuwa bado unamtazama yule msichana anayepiga mpira ukapotea. Alimtaka mke wa Mogire, ndiyo, ila pia aliitaka kesho.

Bitutu ndiye aliyelipima jambo hilo, ingawa hakuwahi kuona mechi hata moja.

"Hao wawili wakimaliza shule, wataenda wapi?" aliuliza.

Obwocha alisema labda chuo.

"Na baada ya chuo?"

Obwocha aliizungusha tena kofia ya Ongeri.

"Wataolewa," alisema Bitutu. "Mmoja Kericho, mmoja Migori, wakawarushie watu wa huko mpira. Huyu wangu anayekula paja jikoni, leo asubuhi nilikuwa nimekwisha kumwoza. Shemeji, mimi nina mabinti watatu. Wawili walioolewa sijui hata leo wamepika nini. Lakini huyu aliyesimama mlangoni najua amepika nini. Nimekula."

Ongeri ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha mzee kinachoanzia tumboni. Nyakerario alimfuata. Obwocha alichelewa kidogo, kwa sababu alikuwa bado anafikiri, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa tundu kwenye kikapu alichokibeba siku zote. Wote walikuwa na timu ya mabinti na wake, na hakuna aliyewahi kuitazama namna hiyo. Abigael angeondoka. Beverlyne angeondoka, pengine kabla ya wengine. Watakaobaki Itumbe ni wale waliokuja Itumbe.

"Basi Sironga wakae na wasichana wao," alisema Obwocha. Alisema pia, kwa haki, kwamba mwaka huu huenda wakapigwa. Hakuna aliyembishia. Nyamoita aliongeza jambo moja, akilielekeza kwa Bitutu, kwamba angependa Abigael awe anakuja nyuma ya zizi naye. Mtoto yule ana mikono mizuri, anafumba macho tu, na kufumba macho kunaachwa kwa kuzoea. Obwocha, akitazama bado dirishani, alisema hilo ni wazo zuri. Halafu akamrudishia Ongeri kofia yake, iliyokuwa imekwisha kupoteza umbo.

Chai ililetwa. Mogire alifika na pikipiki wakati wa chai, akakuta watu wanacheka, akauliza kama mambo ya posa yamekwenda vizuri, nao wakazidi kucheka. Alipata shingo ya jogoo na maelezo kidogo kidogo.

Jua lilipopungua, Nyamoita aliwasindikiza wageni mpaka barabara ya kiwandani. Wazee walitangulia. Yeye na Nyakerario walitembea nyuma, polepole, wakishika majani ya chai kando ya njia kama walivyokuwa wakishika nyasi zamani wakitoka shule. Nyakerario aliomba kumbeba mtoto. Alimbeba, akamnusa shingoni, akamuuliza Nyamoita kama maziwa yanatosha, kama analala, kama mgongo unauma. Mambo yote ambayo Itumbe nzima haikuwahi kumuuliza yalitoka mfululizo, na Nyamoita aliyajibu moja moja, akijisikia mwepesi.

"Ningekuwa nimekupata, ningekuacha unyonyeshe katikati ya mchezo," alisema Nyakerario. "Ningewaambia wangoje."

"Najua."

"Sasa sina la kufanya. Mwezi ujao nitakuja na Valentine, atapiga mpira wa Beverlyne mpaka kwenye chai yenu. Utaenda kuutafuta na kikapu."

"Mlete," alisema Nyamoita. "Usipomleta nitajua umeogopa."

Bravin alianza kulalamika. Nyamoita alimpokea, akaketi kwenye ukingo wa njia, akampa titi. Nyakerario alisimama kando yao kidogo, akiwaita wazee wangoje, kisha naye akaketi.